Miaka Saba, Kisha Kumi na Minne

Vijana wangu wa ofisi,

Mlinikatia keki na kunipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu mliyemwambia hana haja tena ya kuwahi kazini. Keki ikiwa bado mdomoni, mmoja wenu akaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Lakini nitaandika, kwa sababu lile daftari kubwa la jalada jekundu limebaki mezani kwenu, na si vizuri mtu kurithi daftari kama lile bila kuambiwa lilivyomtoa mwenzake machozi.

Ya mshahara nitayaruka. Ulikuwa mfupi, kuuruka si kazi. Vyeo nilipata viwili, na cha pili kilikuja na kiti chenye mguu mmoja mbovu.

Nilifika Kitui kutoka Mbumbuni nikiwa na miaka kumi na tisa, cheti cha darasa la saba, na vidole kumi ambavyo mke wa mchungaji wetu alikuwa amevifundisha taipureta. Nilikuwa pia na daftari la shule lililojaa nyimbo za kwaya nilizotunga mwenyewe. Mipango yangu ilikuwa rahisi. Ningepiga taipu mwaka mmoja, halafu redio ingezisikia nyimbo zangu, halafu ningekuwa mtu maarufu na kumnunulia mama mabati ya nyumba. Mnaponiona nacheka peke yangu kwenye foleni ya posta, huwa namkumbuka huyo msichana.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la misumari. Wakili wetu alikula kwa kesi za mashamba na mbuzi, kama mawakili wote, lakini alikuwa amerudi kutoka masomoni na ugonjwa mmoja ambao hakuna mtu Kitui aliyeuomba: alipenda mali ya akili. Alama za biashara, vitu vilivyobuniwa, maumbo, maandishi. Mteja akija kushtaki jirani kwa ajili ya mpaka, wakili alimuuliza kama kuna kitu chochote amekivumbua. Watu walianza kufikiri ni salamu za Nairobi.

Kazi yenyewe aliifanya karani mkuu, Mzee Munyao, mtu mwembamba aliyetafuna karafuu na kuvaa kofia hata akiwa ndani. Siku ya kwanza hakunipa taipureta. Aliniuliza kama najua kuhesabu.

Nikasema najua.

"Kila mtu anajua kuhesabu alichonacho," akasema. "Hapa tunahesabu kilichobaki."

Kisha akafungua daftari jekundu. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu, kitu chake, na siku ambayo ulinzi wa sheria juu ya kitu hicho ungekwisha. Nilishtuka. Ilikuwa kama kuonyeshwa kitabu cha vifo kilichoandikwa mapema.

Mzee Munyao alinifundisha miaka hiyo kwa namna yake, nami nawapa kama nilivyopewa. Hataza, ile haki ya mtu aliyebuni chombo kipya, ilikuwa miaka kumi na sita, na siku hizo ilibidi ipatikane Uingereza kwanza ndipo iandikishwe kwetu. Yaani wazo la mtu wa Mbumbuni lilipanda ndege kwenda kubatizwa wakati mwenyewe hajafika hata Mombasa. Baadaye Waingereza wakaifanya ishirini, na sisi tukaongezwa pamoja nao bila kuulizwa. Umbo la kitu, kama sura ya chupa au kiti, lilikuwa mitano, mitano, mitano, jumla kumi na tano, halafu kwaheri.

"Na wimbo?" nikauliza, kama mtu asiye na daftari la nyimbo kwenye kikapu.

"Wimbo hauhitaji fomu. Ukiuandika tu, ni wako mpaka ufe, halafu miaka ishirini na mitano juu ya kaburi lako."

"Nikiwa nimekufa?"

"Hapo ndipo watu huanza kukuheshimu."

Baadaye hiyo ishirini na mitano iliongezwa ikawa hamsini. Wafu wana mawakili wazuri.

Alama ya biashara ndiyo aliyoipenda. Miaka saba ya kwanza, kisha ukiomba iendelee unapewa kumi na minne, kisha kumi na minne tena, bila mwisho. "Alama ni moto wa jikoni," alisema. "Haufi kwa uzee. Unakufa kwa kukosa kuni."

Nilikuwa na moyo laini kupita kiasi kwa kazi ile. Kitu kikifika siku yake bila mwenyewe kuja, karani alitakiwa kupiga muhuri wa IMEKWISHA kwenye mstari. Mimi nilikuwa nikiandika pembeni kwa penseli "pumzika salama." Mzee Munyao alipoziona alihesabu pumzika salama kumi na moja, moja ikiwa ya dawa ya kunguni. Akanipa kifutio, akaenda kunywa chai.

Wateja wa mali ya akili walikuwa wachache, lakini hawakuchosha. Kuna mhubiri aliyetaka kuzuia wenzake wasitumie hubiri lake. Wakili akalisoma, akamwambia kwa upole kwamba hubiri lile lilikuwa na wenyewe wawili kabla yake, na mmoja alikuwa bado hai. Kuna fundi wa Mbumbuni aliyebuni breki ya mkokoteni wa punda. Breki ilifanya kazi. Punda ndiye aliyekataa.

Halafu kuna Kasyoka.

Alikuja mwaka wangu wa pili na mumewe Kilonzo, kutoka Kanyangi. Kilonzo alitundika mizinga, na Kasyoka alichuja asali, akaitia kwenye chupa safi na kuiuza kwa duka moja la Makindu ambako wasafiri wa barabara ya Mombasa husimama kunyoosha miguu. Duka lilitaka chupa ziwe na alama, wateja wajue ile ya juzi ni ile ya leo.

Sasa, kwa mgeni wa kwetu nieleze. Kila ukoo wa Wakamba una alama yake. Huchomwa kwa chuma cha moto kwenye mzinga, na anayeiba asali ya mzinga wenye alama hajamwibia mtu mmoja, ameuibia ukoo mzima, na ukoo mzima utakuja. Alama hiyo haiandikishwi popote na haina tarehe. Ya ukoo wa Kilonzo ilikuwa mistari miwili na ndoano.

Wakili akamwambia Kasyoka hawezi kuandikisha peke yake kitu ambacho mashemeji arobaini wanakitumia. Kasyoka akaomba penseli yangu. Akachora ile mistari na ndoano, halafu akaizungushia duara la maua ya mgunga, maua ambayo nyuki wa huko wanayapenda. Alikuwa mjamzito, mtoto wake Mutheu bado yumo tumboni, akawa anachora kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiuno. Wakili akatazama, akasema, sawa, hii ni alama nyingine. Kilonzo akasema iandikwe kwa jina la mkewe, kwa kuwa mambo ya karatasi yanamwumiza kichwa na nyuki hawamwumizi. Ikaandikwa hivyo. Miaka saba. Nikaitia kwenye daftari jekundu kwa mkono wangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa maana bila hilo barua hii ingekuwa ya kujisifu tu.

Miaka michache baadaye kwaya yetu ilialikwa kanisa la Kanyangi. Tuliimba vizuri, hata wimbo wangu mmoja tuliuimba. Baada ya ibada tukakaa kungojea chakula, na mtu mmoja akaniuliza nafanya kazi gani mjini. Aliuliza vibaya. Niliwaeleza wazee wale wote habari za hataza na maumbo na wafu wenye haki. Walicheka, na mimi nikipewa kicheko sijui kunyamaza.

Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Na alama, kama hizi za chupa za asali?"

"Miaka saba," nikasema. "Saba tu, halafu imekwisha."

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme habari za kuni. Lakini isyo ilikuwa imefika, mahindi na mbaazi, inatoa moshi, na somo likaishia hapo. Nilikula sahani mbili.

Kilonzo alifariki mwaka wa tano wa alama ile, ugonjwa wa siku chache. Mizinga ikarudi kwa ukoo, chini ya mkono wa kaka yake, Musau. Hiyo ni desturi na Kasyoka hakubishana nayo. Akawa ananunua asali kwa wenye mizinga, anachuja, anatia chupani, anapeleka Makindu. Watoto watatu walisoma kwa chupa zile.

Ikibaki miezi mitatu miaka saba itimie, nilimwandikia Kasyoka kwamba muda unakaribia na anatakiwa kutia sahihi fomu ya kuendeleza alama. Barua za huko zilipitia sanduku la posta la kanisa, kama ilivyo mpaka leo. Hakujibu. Nikaandika ya pili. Kimya. Nikamwambia Mzee Munyao. Akasema tumeandika mara mbili, na sheria haisemi karani ambebe mteja mgongoni.

Zikibaki siku kumi na moja, akaingia ofisini mwanamume aliyevaa koti la Jumapili siku ya Jumatano. Nilimtambua. Alikuwa yule mzee wa kanisa wa Kanyangi. Alinisalimia vizuri, akauliza mama yangu hajambo, akaomba fomu ya kuandikisha alama. Akafungua karatasi aliyokuja nayo. Mistari miwili, ndoano, na duara la maua ya mgunga.

"Hii ina mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe ana siku kumi na moja," akajibu. "Nimehesabu. Duka la Makindu nimeshaliambia."

"Nani alikuambia ni miaka saba?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. "Si wewe, msichana wa kwaya? Pale kanisani, kabla ya isyo."

Nikamuuliza jina lake, akasema ni Musau, kaka wa marehemu Kilonzo. Nikamuuliza nani huchukua barua za kanisa posta. Akasema yeye ndiye katibu, ufunguo uko kwake. Hakuona haya hata kidogo. Kwake alama ilikuwa ya ukoo, kaka yake amekufa, na serikali imeweka siku ya kuirudisha. Alikuwa amengoja kwa adabu mpaka siku hiyo ikaribie. Nilitamani awe mtu mbaya, ingenisaidia. Alikuwa mtu aliyefundishwa nusu ya somo na mwalimu mwenye njaa.

Nikampa kiti na chai, nikaenda chumba cha pili kumweleza Mzee Munyao. Nilikuwa nalia. Nilijua nikinyamaza hakuna mtu atakayejua kosa ni langu, na Kasyoka atapoteza duka la Makindu, na Mutheu na wenzake watarudi nyumbani kuchunga.

Mzee Munyao akatema karafuu.

"Fomu ya yule usimpe leo, mwambie wakili hayupo, ambayo ni kweli. Wewe umewapa watu wa Kanyangi nusu ya somo. Kesho uende uwape nusu nyingine."

"Ulisema sheria haisemi tumbebe mteja."

"Sheria haisemi. Nasema mimi. Chukua na kidau cha wino wa kidole, usije ukakuta ameumia mkono."

Nilishuka basi barabarani, nikatembea iliyobaki. Kasyoka alikuwa uani, amefunga kitambaa juu ya sufuria, anakamua masega kwa mikono miwili. Asali ilimfika kwenye viwiko. Aliponiona hakusimama.

"Kwani ofisi yenu inajua njia ya huku?" akauliza.

Nikamwambia yote. Barua mbili, sanduku la posta, koti la Jumapili, kanisa, isyo. Nilimwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi. Aliendelea kukamua. Sega liliisha, akalitupa, akachukua lingine.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemwambia shemeji kwamba moto wangu umezimika."

"Ni mimi, mwaitu."

"Na ulishiba?"

Sikuelewa.

"Hiyo isyo. Ulishiba?"

"Nilishiba."

"Angalau," akasema, akanawa mikono, akatia sahihi. Akaweka fomu kifuani, ndani ya nguo, akasema sirudi nayo Kitui mpaka tupite kwa Musau. Nikamwambia hakuna haja, sheria iko upande wake, tunaweza kuondoka kimya. Akasema kuondoka kimya ni kwa watu wasioishi pale.

Tulimkuta Musau ametoka safari ya jana, anachoma alama kwenye mzinga mpya. Chuma kilikuwa bado chekundu. Harufu ya mti ulioungua ilijaa uani. Kasyoka alimwamkia kama inavyotakiwa mke wa ndugu amwamkie, kisha akaonyesha mzinga.

"Shemeji, hiyo mistari miwili na ndoano ni yenu mpaka mwisho wa dunia. Sijaigusa. Hata hawa wa Kitui wanajua." Akatoa fomu. "Lakini haya maua niliyachora mimi, nikiwa na mtoto wa ndugu yako tumboni. Nionyeshe mzinga wako mmoja wenye maua, nami nitairarua hii karatasi mbele yako."

Musau aliangalia mzinga. Nilidhani atakasirika. Alikiweka chuma chini, polepole, mbali na majani.

"Huyu mtoto alisema saba," akasema.

"Ni saba," nikamjibu, "kisha kumi na minne, kisha kumi na minne tena, mradi mwenyewe ajitokeze. Sikumaliza kusema. Nisamehe, nau, kosa ni langu."

Nilimwita baba kwa hofu, si kwa heshima tu.

"Na barua zangu?" Kasyoka akauliza.

Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo za kanisa. Barua zangu mbili zilikuwa katikati yake, bahasha zimefungwa kama nilivyozifunga kwa ulimi wangu.

"Sikuzifungua," akasema. "Mimi si mwizi."

Kasyoka akacheka. Hakutaka kucheka, nilimwona akijizuia, lakini kicheko kilimshinda, na mimi pia, na Musau alisimama pale na kitabu chake cha nyimbo mpaka naye mdomo ukamcheza kidogo. Mzee Munyao alipanda basi la Nairobi kesho yake na kuitia fomu mikononi mwa serikali zikiwa zimebaki siku tisa. Aliporudi aliniambia nifungue daftari jekundu, nihesabu kumi na minne kwenda mbele. Nikaandika tarehe iliyoonekana kama ya sayari nyingine.

Miaka hiyo haikuwa mbali hivyo. Taipureta ya kwanza ilikufa, ya pili ikaja na herufi e iliyoruka, na barua zetu zote za wakati huo zinasomeka kama zina kigugumizi. Mzee Munyao alistaafu, akaniachia kalamu nyekundu na kofia, sijui kwa nini kofia. Ikaja sheria yetu wenyewe ya hataza, wazo la mtu wa Mbumbuni likaacha kupelekwa Uingereza, nami nikajifunza hesabu upya kama msichana. Nyimbo zangu hazikuwahi kupigwa redioni. Zimelindwa kikamilifu muda wote huu. Hakuna aliyewahi kujaribu kuziiba.

Mwaka jana nilifungua ukurasa, nikaona tarehe ya sayari nyingine imekaribia. Nikapiga taipu barua kwa Kasyoka, sanduku lile lile la kanisa, nikalamba bahasha.

Baada ya siku sita mlango ulifunguliwa. Mnakumbuka, mlidhani ni mzee aliyepotea njia ya hospitali. Musau amezeeka, anatembea na fimbo, koti lilikuwa lile lile. Alitoa kitabu cha nyimbo mfukoni, na ndani yake bahasha yangu, safari hii imefunguliwa, na ndani ya bahasha fomu yenye sahihi ya Kasyoka.

"Miguu yake imekataa safari," akasema. "Niliifikisha siku ile ile ilipoingia posta. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza kusoma."

Nikampa kiti, kile chenye mguu mbovu, kwa bahati mbaya. Nikamshukuru. Alinitazama nikigonga muhuri.

"Ulisema saba, halafu ukasema kumi na minne. Sasa ni ngapi?"

"Kumi na minne tena, nau."

Akahesabu kimya kwa vidole juu ya fimbo. "Sitakuwepo."

"Hata mimi hapa sitakuwepo."

"Basi nani ataandika barua?"

Nikazitazama meza zenu. Akasema kwa upande wake ameshapanga: ufunguo wa sanduku amempa Mutheu, ambaye sasa ni mwalimu hapo Kanyangi na ndiye anayechuja asali mama yake akiwa amekaa. Akanywa chai, akaondoka, akaacha chupa moja mezani. Asali hiyo mliimaliza nyinyi kwa mkate, kwa hiyo msiseme hamkuhusika.

Tarehe iko ukurasa wa mwisho wa daftari jekundu, mwandiko wangu, kalamu ya Mzee Munyao. Andikeni barua miezi mitatu kabla. Msipojibiwa, andikeni ya pili. Msipojibiwa ya pili, vaeni viatu.